Chaza Wabichi wa Bokilo

Kosa langu lilianzia mdomoni, mahali ambapo makosa yangu mengi yana kiti chao cha kudumu. Nilimwambia bokilo wangu, kwa simu, kwamba mimi hula chaza wabichi. Sikusema niliwahi kuwaona wakiliwa, wala sikusema nilijaribu siku moja. Nilisema nawala kila mwaka maji ya mto yakipungua, kwa limau, kama vile mtu anavyosema anakunywa chai asubuhi. Ukweli ni kwamba hadi siku hiyo hakuna chaza aliyewahi kupita kwenye koo langu, awe mbichi au aliyepikwa. Na kule Wagenia, kwenye maporomoko ya mto, nilikodai kuwapata, mwendo mfupi tu wa pikipiki kutoka kwangu, nilikuwa sijakanyaga tangu binti yangu alipokuwa anabebwa mgongoni. Sasa binti huyo anataka kuolewa.

Bokilo ninayemsema ndiye baba wa kijana anayemwoa. Hapa Kisangani wazazi wa pande mbili tunaitana hivyo, na jina hilo linakuja na heshima nyingi na uongo kidogo. Yeye alikuwa ameishi Ulaya miaka mingi, kwenye mji wa pwani, akifanya kazi kwenye jiko la hoteli. Tulikuwa hatujaonana uso kwa uso. Tulikuwa tunazungumza kwa simu, na kila tukizungumza alikuwa na kitu cha kule ambacho sisi hatuna. Siku hiyo ilikuwa zamu ya chaza.

"Bokilo, huku tunakulaka huître ya mubichi," akasema. "Inatoka kwenye bahari, unaifungua, unatia limau, unameza. Nyinyi huko hamujue hiyo."

Hilo "hamujue" liliniuma. Mimi niliye na diploma yangu ya sekondari iliyotundikwa ukutani, kioo chake kimepasuka lakini mhuri unaonekana!

"Aa, bokilo, hapa tunazikula sana. Ya mutoni, kule Wagenia, kila mwaka maji ikishuka. Mbichi, na limau."

"Ya mutoni?"

"Ya mutoni."

"Bon. Alors nikikuja, tutakula pamoja."

Alikuwa anakuja baada ya majuma mawili, siku ya Jumapili, kujitambulisha rasmi. Nilipokata simu mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na ungo mkononi. Alikuwa amesikia yote.

"Wewe, unakulaka nini mbichi?" akaniuliza. "Hata nyanya unaogopa."

Ningeweza kuachia hapo, nikasubiri mgeni aje nikamwambia kwamba mwaka huu chaza hawakutokea. Lakini kuna desturi yetu moja ambayo haikuniruhusu kulala vizuri. Baba wa mwanaume akiingia mara ya kwanza kwenye nyumba ya wazazi wa binti, sahani ya kwanza anayowekewa hairudishwi. Hata kama imeungua, hata kama ina chumvi ya kuua mbuzi, anakula. Akiisukuma pembeni ni kama amesukuma nyumba nzima, na wajomba wa binti hawatasahau. Kwa hiyo nikimwekea chaza wabichi, mzee wa watu atawameza, wawe wazuri au wabaya. Nisipomwekea, atajua kwamba mtoto wake anaoa kwenye nyumba ya mwongo.

Binti yangu alilipokea jambo hilo bila kucheka. "Papa, kama papa yake anagonjwa tumbo hapa kwetu, miye nitaolewa na nani tena?"

"Hatagonjwa. Nitatafuta ile mizuri."

"Utatafuta wapi? Wewe hata sokoni hauendake."

Ni kweli, siendi. Mimi ni mtu wa barza. Nimeweka meza yangu kwenye hiyo barza yetu ya mbele, natengeneza redio na pasi za umeme, na watu ndio wanakuja kwangu. Kiti changu kimeshika umbo langu hivi kwamba mtu mwingine akikalia anaanguka upande wa kushoto. Lakini kwa ajili ya binti nilivaa viatu.

Nilianza na soko la samaki. Niliuliza chaza kwa mama wa kwanza, akanionyesha konokono. Mama wa pili alinionyesha kambale aliye hai, akampiga kofi ili aniridhishe kwamba anatikisika. Nilipoeleza kwamba nataka kitu chenye magamba mawili, cha kuliwa kibichi, akamwita mwenzake: "Kuja uone papa mumoja hapa, kuni ilimuishia nyumbani!" Wakacheka mpaka nikanunua fungu la samaki wa moshi ili niondoke kwa heshima.

Kutoka hapo nikaenda kwenye duka moja lenye chumba cha baridi, wanakouza samaki wa barafu. Mwenye duka alikuwa mtu wa adabu. Akasema kweli, kuna watu wanaoleta chaza wa bahari kwa ndege, kwa harusi za wakubwa. Nikafurahi. Nikamuuliza hao chaza wanatoka majini siku gani.

"Hiyo sijue, papa."

"Na njiani wanakaa kwenye baridi?"

"Wanaanzaka kwenye baridi," akasema. Akafikiri kidogo. "Mwisho, hiyo ni mambo ya ndege."

Nikaona kwamba anachoniuzia ni matumaini. Nikarudi kwenye barza na samaki wangu wa moshi, na hapo ndipo nilipofanya kile nilichopaswa kufanya siku ya kwanza. Nilimuuliza mama jirani.

Mama jirani anaishi ng'ambo ya ua wa miti, hatua kumi kutoka kwenye kiti changu. Ni mzaliwa wa Wagenia, wazee wake ni wale wavuvi wa kwenye maporomoko, na kila siku anapita mbele yangu na sufuria. Kwa miaka mingi tumezungumza juu ya kuku wake kuingia kwangu, na hatujawahi kuzungumza juu ya mto. Nilipomtajia chaza, akacheka, akawaita kwa jina la lugha yao ambalo ulimi wangu haujaweza kulishika hadi leo.

"Wako wengi, saa hii maji iko chini. Tunawachemusha, wanafungua mudomo, tunatoa nyama."

"Na wabichi?"

Akaniangalia. "Wabichi nini?"

"Kula wabichi."

"Wewe uko paka?"

Lakini alikuwa na kaka yake mkubwa, ambaye bado ni mvuvi, na kesho yake mama jirani mwenyewe akanipeleka kwake Wagenia. Alinionya njiani: pale hakuna jiwe lisilo na mwenyewe. Kila mkondo kati ya mawe, kila mahali miti ya mitego imesimamishwa, ni pa ukoo fulani, na mtu hafiki tu na panga lake akaanza kukwangua. Unasalimia, unasema umekuja kwa nani, unasubiri. Tulisalimia. Tulisubiri. Nilitumia muda huo kuangalia maji yanavyopiga mawe, nikajiuliza kwa nini mtu mwenye kitu kama hiki karibu na nyumba yake anakaa miaka akiangalia matumbo ya redio.

Kaka yake alikuwa mzee mkavu, mwenye vidole vya miguu vilivyoshika jiwe kama vya mkono. Nikamfuata huku nimekunja suruali. Tulipofika kwenye mawe ambayo maji yalikuwa yameyaacha nusu, nikamuuliza chaza wako wapi.

"Uko unawakanyaga."

Nikaangalia chini. Nilikuwa nimedhani ni jiwe lenye mikunjo. Kumbe ni wao, mmoja juu ya mwingine, wamejibandika kwenye mwamba kama saruji iliyomwagwa na fundi mlevi. Hakuna aliyefanana na mwenzake. Nilijaribu kumng'oa mmoja kwa mkono, nikapata jeraha, yeye hakupata kitu. Mzee akachukua mtaimbo, akampiga pembeni mara moja, akanipa.

Ndipo udadisi ukanishika kweli, nikasahau hata bokilo. Nikataka kujua: mtu anajuaje kwamba kitu kama hiki ni kizima? Hakina macho, hakina mkia wa kutikisa. Mzee akanionyesha. Alichukua wawili, akawagonga kwa ukucha. Mmoja alitoa sauti nzito, kama mlango wa nyumba yenye vyombo ndani. Mwingine alilia kama kopo tupu.

"Huyu wa kopo alishakufa. Na huyu, angalia." Aliyemshika alikuwa amefunua mdomo kidogo sana. Akamgusa kwa ncha ya kisu. Mdomo ukajifunga taratibu, bila haraka, kama mama anayefunga duka lake akiona mdeni anakuja kukopa tena. "Huyu muzima. Kama unamugusa na hafunge, tupa. Kama ananuka, tupa. Kama iko mwepesi, tupa."

Nikayarudia maneno hayo mara tatu kama mwanafunzi. Nilijiona nimefika. Chaza mzima, mzito, anayefunga mdomo, asiyenuka: basi nini tena?

"Papa," nikasema, "na mutu anaweza kuwakula wabichi?"

Mzee akaendelea kupiga mtaimbo. "Miye nilijaribu, nikikuwa mutoto. Mara moja."

"Ikakuwa namna gani?"

"Nilisema mara moja."

Nilikuwa na jibu langu tayari. Nilikuwa nimelifikiria njiani, na nililiona la kisomi. Uchafu wa mji unashuka na maji, sivyo? Na hapa Wagenia tuko juu ya mji. Kwa hiyo chaza wa hapa wanakunywa maji ambayo mji haujayagusa. Nilimweleza vizuri, nikionyesha kwa mkono mto unakotoka na unakoelekea, kule chini, hadi Isangi na kuendelea.

Mzee akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaonyesha upande wa juu. "Na kule hakuna watu?"

"Wako."

"Wanaendaka wapi, asubuhi?"

Mama jirani alicheka mpaka akakaa chini kwenye jiwe.

Mtu mwingine angekoma hapo. Mimi nilirudi nyumbani na ndoo ya chaza wazima na wazo jipya: nitawaosha kutoka ndani. Kama wananywa maji machafu, si niwape masafi wanywe, wajioshe wenyewe? Nikaweka beseni tatu kwenye barza. Ya kwanza maji yaliyochemshwa yakapoa. Ya pili maji hayo hayo na chumvi na limau, kwa sababu limau lilikuwa kwenye uongo wangu wa kwanza na niliona haya kuliacha. Ya tatu maji yenye matone ya ile dawa ya kusafishia maji ya kunywa. Nikaweka kiti katikati, nikashika kijiko, na kila baada ya muda nikawa nawagonga.

Watu walioleta redio zao waliniona hivyo. Mke wangu alipita akasimama.

"Unawapigia hodi?"

"Niache, nafanya kazi."

"Na wanajibu?"

Walikuwa wanajibu, na hilo ndilo lililonishangaza. Wale wa maji matupu walifunua midomo kidogo kidogo, wakatulia. Wale wa chumvi na limau walifunga. Wale wa dawa walifunga kabisa, kwa nguvu, wakakaa hivyo siku nzima kama watu waliokasirika kwenye kikao cha familia. Nilikaa nikiwaangalia mpaka nikaelewa kitu ambacho hakuna aliyenifundisha: mtu aliyefunga mdomo hanywi dawa. Dawa yangu ilikuwa inaosha magamba. Ndani, kile walichokuja nacho kutoka mtoni walikuwa wamekifungia wao wenyewe.

Kesho yake asubuhi barza ilikuwa na harufu. Nusu ya wale wa maji matupu walikuwa wamefunua midomo na hawakujali kijiko changu tena. Wa limau walikufa wote. Nikawazika nyuma ya nyumba, karibu na ua wa mama jirani, na kuku wake wakaja kuwafukua.

Siku hiyo hiyo muuguzi wa zahanati ya mtaa alikuja kuchukua redio yake. Ni kijana mpole, ananiita tonton kama mjomba wake, na huwa anakaa kidogo kwa ajili ya soga. Nikamweleza kila kitu: mtaimbo, kopo tupu, beseni tatu. Alisikiliza kwa makini, akainama akamwangalia chaza mmoja wa beseni ya dawa aliyekuwa bado mzima.

"Tonton, unajua huyu anafanyaka kazi gani mutoni?"

"Kazi gani?"

"Ni chujio. Maji inaingia, inatoka, siku muzima. Ile ndogondogo iko kwenye maji, yeye njo anaishika. Ile ya kula, na ile ya kuharisha vilevile. Hachague."

"Lakini huyu ni muzima. Angalia, anafunga mudomo!"

"Njo maana miye nasema, tonton. Umejua kama yeye hajagonjwa. Haujajua kama wewe hautagonjwa. Kipindupindu haimuue yeye. Anaibeba tu, na afya yake yote."

Nikamuuliza juu ya limau. Akasema limau linaupendeza ulimi tu. Nikamuuliza juu ya pilipili. Akasema vilevile. Nikamuuliza juu ya kinywaji kikali, maana nilisikia pombe inaua kila kitu. Akaniangalia kwa huruma, akasema inaua hasa akili. Mwisho nikamuuliza, je, hakuna mahali popote kwenye mto huu, hata siku nzima kwa mtumbwi, ambapo mtu anaweza kumpata chaza akamla mbichi bila wasiwasi?

"Mahali labda iko. Lakini nani anapima ile maji? Nani anaangalia wiki hii iko namna gani, na wiki ingine? Hakuna. Bila hiyo, tonton, hautafute mahali, unatafuta bahati." Akachukua redio yake. "Uwachemushe vizuri. Hakuna ingine."

Ilikuwa Ijumaa. Niliwaza Jumamosi yote. Nilifikiria kuwachemsha, kuwapoza, kuwarudisha kwenye magamba na kumwambia bokilo kwamba ni wabichi. Mke wangu alisoma jambo hilo usoni kwangu kabla sijalisema. "Si useme tu ulidanganya."

"Nitasemaje?"

"Na mudomo. Ile ile."

Jumapili asubuhi mama jirani alileta ndoo mpya kutoka kwa kaka yake, akachukua jiko letu bila kuomba ruhusa. Aliwachemsha chaza mpaka wakafunua midomo, mmoja aliyekataa kufunua akamtupa, akatoa nyama, akaiosha, akaifunga kwenye majani na mafuta ya mawese, pilipili na vitunguu, akaiweka juu ya makaa ikaive tena. Mke wangu alitwanga lituma, ndizi zetu za kuchemsha na kuponda. Nilikaa na gamba tupu mkononi, nikiangalia ndani yake jinsi lilivyong'aa kijani kidogo, kama mafuta yanavyong'aa juu ya maji. Kitu kizuri hivyo, na nje kinafanana na kokoto.

Bokilo alifika amevaa suti, mwembamba kuliko sauti yake. Alisalimia kila mtu, akakaa kwenye kiti changu, akainamia kushoto, akajishika. Niliona anatoa jasho, na saa hiyo hakukuwa na joto kubwa. Mkono wake mmoja haukutoka mfukoni.

Sahani ya kwanza ililetwa imefunikwa. Binti yangu ndiye aliyeibeba. Aliiweka mbele ya mzee, akaniangalia mimi, na macho yake yalikuwa yanasema wazi: papa, sasa.

"Bokilo," nikasema, "mbele haujafunua. Mimi nilikudanganya. Sijakulaka huître mbichi hata siku moja. Nilitafuta ile ya kukupa, nilitafuta kweli, nilienda mpaka mutoni. Wazima wako. Ya kuaminia tumbo yako, hakuna. Ile iko hapa chini imepikwa mara mbili."

Mzee alifunua sahani, akafungua majani, mvuke ukampanda usoni. Akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyetolewa majini.

"Imepikwa?"

"Mara mbili."

Mkono wake ukatoka mfukoni. Akaweka mezani pakiti mbili za dawa ya kuzuia kuharisha.

"Bokilo," akasema polepole, "miye kule hoteli nilikuwa naosha sahani. Miaka yote. Huître niliziona zikirudi, magamba matupu. Kuonja, sijaonja. Ziliniogopesha." Akaangalia meza. "Kitu kimoja tu najua. Kila kikapu ilikuwa inakuja na karatasi: zilitoka maji gani, siku gani. Kama karatasi hakuna, chef alikuwa anarudisha kikapu yote, hata kama zinatingizika. Tangu uniambie mutoni, nilikuwa najiuliza, bokilo wangu karatasi anaitoa wapi? Na sahani ya kwanza siwezi kurudisha."

Binti yangu alikuwa wa kwanza kucheka, kisha mama yake, kisha sisi wawili, tukashikana mikono juu ya lituma. Mzee akala. Nami nikala, mara yangu ya kwanza: nyama laini yenye ukinzani kidogo, ladha ya mto na moshi, pilipili ikifika nyuma. Akaomba ya pili. Nikamwambia nilivyowagonga kwa kijiko siku nzima, akanikatiza kwa kicheko, akataka kuziona beseni, ambazo mke wangu alikuwa amezihamishia nyuma ya nyumba, nikampeleka huko.

Mama jirani alikuwa amesimama hapo, yote ya mezani ameyasikia, anafukuza kuku wake kwenye lundo la magamba. Alimpima bokilo kutoka viatu hadi tai, akanipima na mimi, kisha akasema: "Wanaume wawili wazima munadanganyana kwa telefone, alafu chaza njo wanakufa."